Maneno ya Kichina yana ukoo, usiyasome moja moja

Kama umekwama kwenye misamiati ya Kichina, weka pembeni kwanza ile orodha unayokariri, chukua chaja ya simu yako uigeuze. Kuna maandishi madogo mno pale, mengine yameshafifia, na kwenye chaja nyingi katikati ya volti na ampea utakuta 输入 alafu chini yake 输出. Inasomwa shūrù na shūchū. Ya kwanza ni umeme unaoingia kwenye chaja, ya pili ni umeme unaotoka kwenda kwenye simu. 入 ni kuingia, 出 ni kutoka, na ile 输 iliyotangulia kote kuwili ni kupitisha au kusafirisha.

Sasa ongeza herufi moja nyepesi kabisa, 口 kǒu, mdomo, ambayo ni kiboksi tu, hata mtoto anaichora. 入口 rùkǒu ni mlango wa kuingilia, 出口 chūkǒu ni mlango wa kutokea. Lakini 出口 hiyohiyo kwa mfanyabiashara ni kuuza bidhaa nje ya nchi, na kinyume chake ni 进口 jìnkǒu, kuagiza kutoka nje. 门口 ménkǒu ni mlangoni. 港口 gǎngkǒu ni bandari, na kwa mtu wa Dar ambaye mzigo wake haujatolewa hilo ni neno la kujua mapema sana, kabla hata ya majina ya matunda. Alafu 人口 rénkǒu, mtu na mdomo, ni idadi ya watu. Yani tumeanzia kwenye chaja tumefika kwenye sensa, na herufi ulizoongeza kichwani ni chache mno ukilinganisha na maneno uliyopata.

Hilo ndo ninalotaka kusema leo na ninaliamini kabisa: maneno ya Kichina yana ukoo. Neno moja ukilikariri peke yake linapotea, ila ukilikuta na ndugu zake wawili watatu wanaobeba herufi ileile linakaa, kwa sababu kila ndugu anamkumbusha mwenzie. Na hesabu inakubali. Viwango vya Kichina kwa wageni vilivyotolewa China mwaka 2021 vina maneno 11,092 kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya tisa, ukisikia hivyo unaweza kukata tamaa hapohapo. Lakini maneno yote hayo yamejengwa na herufi 3,000. Ngazi ya kwanza peke yake ina maneno 500 na herufi 300. Angalia hapo vizuri, kadiri unavyopanda ngazi maneno yanaongezeka haraka kuliko herufi, maana ni herufi zilezile zinakutana upya na kuzaa maneno mengine. Kwahiyo anayezijua herufi zake vizuri safari yake inazidi kuwa nyepesi huko mbele, na anayekariri maneno mazimamazima inazidi kuwa nzito.

Mi nauza vifaa vya simu Kariakoo, kava, protekta, chaja, pawabenki, na mzigo mwingi unatoka Shenzhen kule China, kwahiyo Kichina changu kimekulia kwenye WeChat, app ya meseji ya Wachina, na kwenye maboksi zaidi ya darasani. Labda ndo maana nina msimamo mkali kidogo kuhusu vitabu vinavyopanga maneno kwa mada. Unajua vile, somo la matunda, somo la rangi, somo la usafiri. Chukua hilo la usafiri. Unapewa 汽车 qìchē gari, 火车 huǒchē treni, 自行车 zìxíngchē baiskeli, 飞机 fēijī ndege, unaambiwa kariri. Tatu za mwanzo zina 车 chē, zote ni vyombo vya magurudumu, sawa. Ndege imeingizwa pale kwa sababu inabeba abiria, lakini ukoo wake hauko hapo! Ndege ni 飞 kuruka na 机 jī mashine, ndugu zake ni 手机 shǒujī simu ya mkononi (mkono na mashine), 耳机 ěrjī ya masikioni, 洗衣机 xǐyījī mashine ya kufulia nguo, 发电机 fādiànjī jenereta, 机场 jīchǎng uwanja wa ndege, mpaka 司机 sījī dereva, ambaye ni anayeisimamia mashine. Mtu anayeuza earphone anaweza kulibeba neno la ndege bila jasho kama ataonyeshwa kwamba 机 anayo tayari dukani kwake kwenye kila boksi. Mada inakusaidia kupanga kitabu, haimsaidii anayekumbuka.

Herufi ya kuanzia kwa mtu yeyote wa mjini, mi nasema ni 电 diàn, umeme. 电话 diànhuà ni umeme na maneno, simu. 电视 diànshì umeme na kutazama, televisheni. 电脑 diànnǎo umeme na ubongo, kompyuta. 电影 diànyǐng umeme na kivuli, filamu. 电梯 diàntī umeme na ngazi, lifti. 电池 diànchí umeme na bwawa, betri, yani bwawa linalotunza umeme. 电工 diàngōng ni fundi umeme. Na ule msamiati ambao kila mtu wa Dar anauhitaji, 停电 tíngdiàn, kusimama na umeme, umeme umekatika. Ukirudi ni 来电 láidiàn, kuja na umeme, na 来电 hiyohiyo ndo inatokea kwenye kioo cha simu ya Kichina mtu akikupigia. Halafu 停 uliyoipata hapo inakupeleka 停车 tíngchē, kuegesha gari, na umerudi kwenye 车 bila kupanga. Koo zinaoana namna hiyo, na kila zinapooana unapata neno ambalo hukulisoma popote.

Juzijuzi tulikuwa tunapokea mzigo, kijana anayenisaidia dukani anashusha maboksi. Huyu hajawahi kuingia darasa la Kichina ila amekaa na mimi anaona ninavyoandika. Akasimama na boksi moja la pawabenki akaniuliza, "Dada, hii ya katikati si ndo ile ya umeme? Sasa hizi za pembeni ndo nini?" Boksi limeandikwa 充电宝 chōngdiànbǎo. Nikamwambia 充 ni kujaza, kwahiyo 充电 ni kuchaji. "Basi 充电器 ya kwenye boksi la chaja ndo hiyohiyo," akasema yeye, na akaenda kulitafuta lile boksi kwenye stoo akaliweka pembeni ya hili akalinganisha. 器 qì ni kifaa, chaja ni kifaa cha kujazia umeme. Akabaki na 宝. Nikamwambia hiyo ni hazina, kitu cha thamani, pawabenki ni hazina ya chaji. Na hapo ndo ilipo ile 支付宝 Zhīfùbǎo, huduma ya malipo ambayo nje wanaiita Alipay, na ndo hiyohiyo inayoanza kwenye 宝贝 bǎobèi, ambalo Mchina anamwitia mtoto wake au mpenzi wake. Kijana alicheka kwamba mtoto na pawabenki wana jina moja. Lakini hajalisahau, na leo ukimuuliza atakwambia.

Sasa ile 贝 bèi ya mwisho wa 宝贝 naomba tukae nayo, maana kwangu hii ndo sehemu tamu kuliko zote. 贝 ilianza kama mchoro wa kauri, zile kombe ndogo za baharini zinazong'aa, tunazozijua vizuri sisi watu wa pwani. China ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kauri zilikuwa mali, zikatumika kama fedha. Fedha zimebadilika lakini kauri imebaki ndani ya herufi, na kila unapoiona ndani ya herufi nyingine kuna uwezekano mkubwa kwamba hapo panaongelewa pesa. 贵 guì ghali. 费 fèi ada au gharama. 财 cái mali. 贫 pín umaskini. 购 gòu kununua. 账 zhàng hesabu za pesa, deni na malipo. 赚 zhuàn kupata faida. 赔 péi kulipa fidia au kula hasara. 贸易 màoyì biashara. Muuza duka akikaa na ukoo huu jioni moja tu, ataanza kuhisi mazungumzo ya WeChat yanaelekea wapi hata kabla hajayasoma yote.

Na ndani ya ukoo wa kauri kuna pacha wawili hatari ambao nawaonyesha kila anayeniuliza: 货 na 贷. Sogeza macho. Chini zote zina kauri. Juu, ya kwanza ina 化 na ya pili ina 代. 货 huò ni bidhaa, mzigo. 贷 dài ni mkopo. Sasa 货款 huòkuǎn ni pesa ya kulipia mzigo na 贷款 dàikuǎn ni pesa ya mkopo, na kwa mtu anayesoma haraka kwenye simu yenye kioo kidogo tofauti yake ni kikwaruzo. Dawa yake siyo kukazia macho. Dawa ni kujua kwamba sehemu ya juu inakupa sauti: 代 yenyewe inasomwa dài, kwahiyo 贷 nayo dài, na 化 ni huà, inakupeleka karibu na huò. Chini maana, juu sauti. Herufi nyingi sana za Kichina zimeundwa hivyo, upande mmoja unadokeza maana na mwingine unadokeza sauti, japo sauti nyingine zimehama kwa karne nyingi hazilingani tena sawasawa.

Ukishaishika 货, biashara yote ya kuagiza inafunguka. 订货 dìnghuò kuagiza mzigo, 发货 fāhuò kuutuma, 收货 shōuhuò kuupokea, 退货 tuìhuò kuurudisha, 现货 xiànhuò mzigo ambao upo tayari, 缺货 quēhuò umeisha, 货柜 huòguì kontena, 货车 huòchē lori, 货号 huòhào ile namba ya bidhaa inayoandikwa ubavuni mwa boksi. Mi nadhani hizi zinatosha kumvusha mtu kwenye nusu ya meseji za muuzaji.

Kitu kingine ambacho Mswahili anatakiwa akishike mapema ni mpangilio. Sisi tunatanguliza kitu chenyewe alafu ndo tunaeleza ni cha nini: gari la mizigo, kituo cha treni, mashine ya kufulia. Kichina kinageuza, kitu chenyewe kinakaa mwisho. 货车 ni mzigo-gari, kwahiyo ni gari. 车站 chēzhàn ni gari-kituo, kwahiyo ni kituo. Ukiliona neno refu anza mkiani: 手机充电器, mwisho kuna kifaa, kabla yake kuchaji, mwanzo simu, basi ni kifaa cha kuchajia simu. Mifano ninayoipenda kuliko yote ni hii miwili. 牛奶 niúnǎi na 奶牛 nǎiniú, 牛 ng'ombe na 奶 maziwa, ya kwanza ni maziwa ya ng'ombe, ya pili ni ng'ombe wa maziwa. Na 蜜蜂 mìfēng na 蜂蜜 fēngmì, nyuki wa asali na asali ya nyuki. Herufi ni zilezile mbili, zimebadilishana viti tu, na ukishakuwa na hiyo kanuni ya mkia huwezi kuzichanganya tena.

Treni pia, 火车 ni moto na gari, na wazee wetu wakaita gari moshi, kwahiyo hapo hatuna hata cha kukariri. Wachina TAZARA wanaiita 坦赞铁路 Tǎn-Zàn tiělù. 铁路 ni chuma na njia, reli. 坦 imekatwa kutoka 坦桑尼亚, Tanzania, na 赞 kutoka 赞比亚, Zambia. Ni kilomita 1,860 kutoka hapa Dar mpaka Kapiri Mposhi, zilijengwa kati ya 1970 na 1975, na mtu yeyote wa Dar anayejifunza Kichina angetakiwa kulijua jina hilo kwa herufi zake. Ukilijua umepata 铁, inayokupa 地铁 dìtiě treni ya chini ya ardhi na 高铁 gāotiě treni ya mwendo kasi, na umepata 路 ya 公路 gōnglù barabara kuu na 路口 lùkǒu makutano ya barabara, tena ile 口 ya mlangoni.

Ila hapohapo kwenye 坦桑尼亚 ndo penye mpaka wa njia hii, na lazima niuseme. Majina ya kigeni yanaandikwa kwa sauti. 坦 maana yake tambarare, 桑 ni mforosadi, usijaribu kutafuta Tanzania humo ndani, haipo. Dar es Salaam ni 达累斯萨拉姆, sauti tupu. Kahawa 咖啡 kāfēi na sofa 沙发 shāfā vilevile, japo 沙 ni mchanga na hakuna mchanga wowote kwenye sofa. Yapo pia maneno ya Kichina chenyewe ambayo herufi zake hazitembei, 蝴蝶 húdié kipepeo, 玻璃 bōli kioo, haya yasome mazima uendelee na safari. Na 东西 dōngxi, kitu, ambayo herufi zake ni mashariki na magharibi, mi naishika ilivyo, sijengei hadithi.

Alafu sauti. Jamani usipange koo kwa kusikia. 电 umeme na 店 diàn duka zinasomwa sawa kabisa mpaka toni, yani ule mpando na mshuko wa sauti, lakini si ndugu. 书 shū kitabu na 输 shū ya kwenye chaja, hivyohivyo. Mtu anayetegemea pinyin, yani matamshi yaliyoandikwa kwa herufi za kilatini, peke yake ataunganisha watu wasiojuana, kwahiyo hii njia inakulazimisha uzione herufi na uziandike kwa mkono, hakuna njia ya mkato hapo. Na kinyume chake kipo, herufi moja inabadilisha sauti ikiingia neno jingine: 行 kwenye 自行车 ni xíng, ikiingia benki 银行 inakuwa yínháng. 重 kwenye boksi, 毛重 máozhòng uzito pamoja na boksi lake na 净重 jìngzhòng uzito bila boksi, ni zhòng, lakini 重新 ya kufanya upya ni chóngxīn. Hizo zinahitaji alama kwenye daftari.

Daftari lenyewe ni kauntabuku la kawaida, kila herufi ukurasa wake, juu herufi kubwa, chini maneno. Kanuni yangu ni moja tu na naishikilia sana, sifungui ukurasa wa herufi mpaka niwe nimekutana na maneno mawili yenye hiyo herufi kwenye maisha, kwenye boksi, kwenye meseji, kwenye mdomo wa mtu. Hii inaondoa tatizo kubwa la zama hizi, kwa sababu ukiingia Pleco, kamusi ya Kichina ya kwenye simu, ukabonyeza herufi inakushushia maneno kibao yenye hiyo herufi, na shauku inakwambia uandike yote. Usiandike. Ndugu ambaye hujawahi kumuona hakusaidii kumkumbuka mwingine. 信 xìn niliifungulia ukurasa siku nilipogundua kwamba WeChat yenyewe, 微信 Wēixìn, na 信号 xìnhào, netiweki ya simu, zina herufi moja. Baada ya hapo 短信 duǎnxìn meseji, 相信 xiāngxìn kuamini na 信用 xìnyòng uaminifu wa kibiashara zimekuja zenyewe kwa nyakati tofauti, na kila moja imekuta kiti chake.

Na kurasa zisiwe nzurinzuri. Pacha waandikwe ukurasa mmoja wakitazamana, 货 na 贷, 买 mǎi kununua na 卖 mài kuuza, kila mmoja na sentensi yake ya kweli kutoka kazini, siyo ya kitabuni. Watu wengine wanashauri uwatenganishe pacha, ujifunze mmoja mpaka ukomae ndo umlete mwenzie, na kwa 买 na 卖 nakubaliana nao kwa anayeanza kabisa, maana sura zinafanana na sauti zinatofautiana toni tu. Wakishakomaa wote wawili ndo wakutane.

Ukurasa ulio wazi mezani kwangu sa hivi ni wa 发 fā, na ndo umenisukuma kuandika haya yote. Una 发货 kutuma mzigo, 发票 fāpiào risiti, 出发 chūfā kuondoka safari, 发电 fādiàn kufua umeme, 发烧 fāshāo kupata homa. Zote zina kitu kinachotoka au kinachotolewa, unakiona kabisa. Alafu katikati yao imekaa 头发 tóufa, nywele, na 理发 lǐfà, kunyoa. Hizo hazihusiani kabisa, na sababu inajulikana: zamani zilikuwa herufi mbili tofauti, 發 ya kutoa na 髮 ya nywele, na China ilivyorahisisha uandishi miaka ya 1950 na 1960 zote mbili zikapewa umbo moja. Hata toni zimebaki tofauti, fā ya kutoa iko juu imenyooka na fà ya kinyozi inashuka. Kwahiyo ukurasa wa 发 nimeupiga mstari katikati, kushoto mizigo na risiti na homa, kulia nywele na kinyozi, na upande wa kulia una nafasi kubwa bado.